Ukoka wa Dodoma: Ua wa Kijani kwa Maji Kidogo

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka mzima huleta milimita 500 hadi 600 tu. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Hata hivyo ua wa nyasi unawezekana hapa bila kuita boza kila wiki. Siri kubwa iko katika maamuzi unayofanya kabla hata hujashika mpira wa maji.

1. Punguza eneo. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kumwagilia vizuri ni kama milimita 25, kwa hiyo ua wa mita 10 kwa 10 hunywa lita 2,500 kwa mara moja: madumu 125 ya lita 20! Ua wa mita 4 kwa 5 hunywa madumu 25. Weka nyasi pale watoto wanapocheza na wageni wanapokaa. Kwingine panda bogenvilia na mishubiri, mwaga kokoto, au acha uwanja wa kufagia kama nyumba zetu zilivyokuwa siku zote. Uwanja uliofagiwa vizuri unapendeza.

2. Chagua ukoka. Huu ni wa kwetu Afrika, na jua kali ndilo chakula chake. Mizizi yake huzama sana, na majani yakikauka mashina yake ya chini ya ardhi hubaki hai. Nyasi za kikuyu ni nzuri, lakini asili yake ni nyanda za juu zenye baridi. Hapa zitakufilisi kwa maji. Ukoka una mambo mawili ya kuangalia. Haupendi kivuli, basi usiupande chini ya mwembe. Pia hutambaa bila kuomba ruhusa, kwa hiyo zungushia matofali yaliyofukiwa sentimita 15 chini kabla haujaingia kwenye mchicha.

3. Tengeneza udongo. Mafundi huacha saruji, kokoto na vipande vya matofali chini ya vumbi. Viondoe vyote. Lima kina cha sentimita 20, changanya samadi iliyooza ya ng'ombe au mbuzi, ndoo moja kwa kila mita ya mraba, kisha sawazisha kwa reki. Samadi hushika maji yasipotee. Mbichi usiitumie: huunguza mizizi na huleta magugu.

4. Panda mvua ikishatulia. Huna haja ya kununua. Omba kwa jirani vipande vyenye pingili tatu au nne. Vifukie kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, ncha ibaki nje, ukanyage udongo ushikane. Wiki za mwanzo usiache vikauke.

5. Mwagilia kwa nadra, lakini kwa kina. Hapa ndipo maji mengi hupotea. Kunyunyiza kidogo kila jioni hulowesha juu tu, na mizizi hubaki juu ikisubiri. Siku maji yakikatika, nyasi hazina pa kukimbilia. Subiri dalili: majani yanageuka rangi ya kijivu, na ukikanyaga alama ya mguu haiondoki upesi. Hapo mwagilia alfajiri, kabla ya jua na upepo. Kisha chomeka bisibisi ndefu; ikizama sentimita 15 bila kulazimisha, funga bomba. Maji yakianza kutiririka kabla ya hapo, simama nusu saa yanywewe, halafu endelea.

6. Usinyoe. Kiangazi acha nyasi zifike sentimita 5 hivi, na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Majani marefu hukinga udongo na jua. Vipande vilivyokatwa viache palepale. Vinaoza na kurudisha rutuba.

7. Tumia maji ya pili. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia nguo yanafaa, yakimwagwa siku ileile na kwa kubadilisha sehemu. Yenye dawa ya kung'arishia nguo au mafuta ya vyombo, hapana. Na mvua ikija, paa la mita 100 za mraba hukusanya karibu lita 2,000 kwa mvua ya milimita 20. Funga mfereji na tangi mapema.

8. Agosti hadi Novemba, uache upumzike. Ukoka utageuka kahawia. Haujafa, umelala. Upe milimita 10 kila baada ya wiki tatu au nne, usiweke mbolea, na zuia magari yasiegeshwe juu yake. Mvua za kwanza zikinyesha, subiri wiki mbili kabla ya kuhukumu mabaka matupu. Yatakayobaki hivyo, ng'oa vipande kwenye kingo zilizostawi ukayazibe.