KISWAHILI NDANI YA SIMU MPYA

Hakuna asiyejua kwamba simu za kugusa skrini zimeenea mitaani. Wengine huziita simujanja, wengine simutamba au rununu. Kwetu ilifika likizo ya Agosti, ikachukua nafasi ya mulika mwizi ya mama. Kilichonivutia zaidi si kamera wala picha maridadi, bali lugha. Ilipowashwa tu, ilitutaka tuchague lugha. Nikateremka kwenye orodha, na lo! Kumbe Kiswahili kimo! Tukakigusa.

Tangu hapo nimeiona kama kitabu cha msamiati. Hebu tuyachambue baadhi ya maneno yake, kwani yanaonyesha njia nne ambazo lugha yetu hutumia kujipatia maneno mapya.

1. Kupanua maana. Neno simu lilitoka Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Simu ya mkononi haina waya, lakini jina limebaki. Jikoni twapakua wali kutoka sufuriani. Kwenye simu twapakua wimbo kutoka mtandaoni. Na ghairi, tulilozoea katika "kughairi nia", sasa ni la kusimamisha jambo ulilotaka simu ifanye.

2. Kunyambua. Kutokana na panga twapata pangilia, kisha mipangilio, yaani mahali pa kurekebisha sauti, mwangaza na lugha. Kutokana na vinjari, yaani kuzungukazunguka ukichunguza, twapata kivinjari, chombo cha kutembelea kurasa za intaneti.

3. Kuambatanisha. Neno na siri huungana kuwa nenosiri.

4. Kutohoa. Betri, skrini, programu na intaneti ni wageni waliovishwa kanzu ya Kiswahili. Hata kadi ndogo ya simu twaiita laini, neno lililotoka Kiingereza. Huko lilihusu ule waya wa simu. Basi waya tulioutupa umerudi kwa mlango wa nyuma!

Tusisahau ngeli. Simu ni ya I-ZI: simu imelia, simu zimelia. Hakuna "masimu" jamani!

Je, haya ni ya mtihani tu? La hasha! Simu mpya huuliza maswali mengi. Ukiweka programu, huenda ikaomba kusoma anwani za watu wako, kutumia kamera au kujua mahali ulipo. Chini huwa kuna neno Ruhusu. Asiyeelewa swali hugusa tu ili aendelee. Anayesoma kwa lugha anayoielewa hujiuliza: programu ya tochi yataka majina ya rafiki zangu ya nini? Huko ndiko kukataa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Isitoshe, tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza nchini Kenya, simu imekuwa pia mkoba wa fedha. Wazee wengi wasiojua Kiingereza humpa kijana simu pamoja na namba ya siri, ati awasaidie kutuma pesa. Ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa sanduku. Mama sasa husoma mwenyewe, polepole, kisha hugusa mwenyewe. Hamwiti mtu.

Kwa hivyo, ewe mwanachama mwenzangu, ukienda nyumbani muulize nyanya au babu kama angependa simu yake izungumze Kiswahili. Fungua mipangilio, tafuta lugha, mwonyeshe, kisha mwachie simu yake mkononi. Chama chetu kitakuwa kimefanya kazi hata nje ya darasa.

ZOEZI
(a) Maneno haya yalipatikana kwa njia gani: pakia (mtandaoni), kipazasauti, akaunti, kichapishi?
(b) Sahihisha: Masimu mapya yako na betri kubwa.
(c) Eleza tofauti kati ya kupakua na kupakia, jikoni au bandarini na kwenye simu.