KAZI YA KUULIZA MASWALI

Sabuni, chai, viberiti na betri huuzwa mpaka vijijini. Je, wenye viwanda hujuaje watu wanapenda nini? Huuliza. Zipo kampuni ambazo kazi yake ni kuuliza tu. Huitwa kampuni za utafiti wa masoko.

Mwaka 2015, kabla sijaingia katika elimu ya watu wazima, nilifanya kazi katika kampuni moja ya namna hiyo. Katika somo hili nitaeleza kazi ilivyokuwa. Nitaeleza pia kosa nililofanya.

1. Kazi inavyokwenda

Kwanza huja mteja. Mteja wetu alikuwa mwenye kiwanda cha sabuni. Alitaka kujua watu wa vijijini hununua sabuni gani, na kwa nini. Ofisini waliandika maswali. Fomu ya maswali hayo huitwa dodoso. Kisha waliajiri wadadisi. Mdadisi ni mtu anayekwenda nyumba kwa nyumba, akiuliza na kuandika majibu. Sisi tuliandika majibu kwenye kishikwambi, yaani kompyuta ndogo bapa ya kushika mkononi.

Wadadisi wengi hawana ajira ya kudumu. Kazi ikiwapo huitwa. Kazi ikiisha hurudi nyumbani.

Tulifundishwa siku tatu. Jambo kubwa lilikuwa hili: usimlishe mtu maneno. Ukimwuliza mtu, "Sabuni hii ni nzuri, sivyo?" atakubali kwa heshima tu. Uliza, "Unatumia sabuni gani?" Kisha nyamaza, usikilize.

2. Nyumba hazichaguliwi kwa kupenda

Mpishi hamalizi chungu cha mchuzi ili ajue chumvi. Hukoroga, kisha huonja kijiko kimoja. Kijiko hicho ni sampuli. Lakini asipokoroga, kijiko kitamdanganya.

Kwa hiyo hatukuchagua nyumba za barabarani tu, wala za watu tuliowajua. Tulihesabu, tukaingia kila nyumba ya tano. Nyumba ya tano ikiwa kilimani, unapanda. Ndani ya nyumba tuliandika watu wazima wote, na kishikwambi kikamchagua mmoja. Mara nyingine baba mwenye nyumba alitaka kujibu, kumbe aliyechaguliwa ni mkwewe. Hapo tulieleza kwa adabu, bila ubishi.

Kutokoroga chungu kumewahi kuwaaibisha wakubwa. Mwaka 1936, nchini Marekani, gazeti la Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10. Liliuliza watu watamchagua nani kuwa rais. Zilirudi kadi zaidi ya milioni 2. Gazeti likatangaza kwamba Landon atashinda. Lakini Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Kwa nini? Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Tena, wengi waliopata kadi hawakuzirudisha. Kadi zilikuwa nyingi, lakini chungu hakikukorogwa.

3. Kosa langu

Siku moja jua lilikuwa kali. Nilibakiwa na nyumba mbili, nazo zilikuwa mbali. Nilikaa chini ya mwembe, nikajaza madodoso mawili mwenyewe. Niliandika kwamba wenye nyumba zote mbili hununua sabuni ya unga, kwa sababu hiyo ndiyo tuliyotumia nyumbani kwetu.

Sikujua kwamba kishikwambi huandika saa na mahali. Jioni msimamizi aliona kwamba madodoso mawili yamejazwa mahali pamoja kwa dakika sita. Mazungumzo ya kweli huchukua karibu nusu saa. Aliniita pembeni. Hakupiga kelele. Alisema, "Ndugu, umewasemea watu ambao hujawaona." Madodoso yale yalifutwa. Nilikosa malipo ya siku ile.

Kesho yake nilirudi. Nilipiga hodi katika nyumba ya kwanza.

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Nilimwuliza juu ya sabuni. Alisema, "Sabuni ya unga naijua. Lakini mimi hununua kipande. Muuza duka huukata mche vipande vipande. Fedha ya mche mzima siipati kwa mara moja."

Nilinyamaza. Jambo hilo mwenye kiwanda alihitaji kulijua, na mimi nilikuwa nimelifuta nikiwa kivulini.

Tupige hesabu. Tuseme nyumba 1,000 zinaulizwa kwa niaba ya nyumba 1,000,000. Kila nyumba inasema kwa niaba ya nyumba 1,000. Basi nyumba mbili za uongo zinazinyamazisha nyumba 2,000.

4. Mdadisi akija kwako

Mwulize jina lake, kampuni yake, na majibu yatatumiwa kwa kazi gani. Mwombe kitambulisho. Una haki ya kukubali au kukataa. Unaweza kuruka swali usilotaka. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya simu yako. Mdadisi wa kweli haiombi, wala hadai fedha. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Ukikubali kujibu, sema kweli. Usitaje sabuni ya gharama ili kumpendeza mgeni. Jibu lako linawasemea na jirani zako.

Maneno mapya

Dodoso: fomu ya maswali.
Mdadisi: mtu anayeuliza watu na kuandika majibu.
Sampuli: wachache wanaochaguliwa ili kuwajua wengi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mdadisi huhesabu nyumba?
2. Msimamizi aligunduaje uongo?
3. Umewahi kusemewa na mtu asiyekuuliza? Waeleze wenzako.
4. Nyumba 3 za uongo zingenyamazisha nyumba ngapi?