Siku ya Kwanza ni Ipi? Mwanaisimu Mbele ya Faili la Huduma

Anayetaka kuunganisha programu mbili zilizotungwa na watu wasiojuana ana pa kuanzia pawili. Aweza kuandika programu yake kwanza, kisha ahangaike kuilinganisha na ya mwenzake. Au aanze na faili ambalo huduma ya mwenzake imekwisha kujieleza ndani yake. Likizo iliyopita nilishiriki kazi ya aina hii ya pili: kuunganisha fomu za simu za vituo kadhaa vya afya vya Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, na hifadhidata iliyokuwepo.

Faili letu liliandikwa kwa WSDL, toleo la 1.1, lililochapishwa na W3C mwaka 2001. Mwanaisimu halishangai. Linaorodhesha aina za data, halafu jumbe zinazojengwa kwa aina hizo, kisha vitendo, yaani ujumbe upi ukiingia hujibiwa kwa upi. Mwishoni hutaja itifaki na anwani. Kompyuta ikilisoma huzalisha yenyewe sehemu kubwa ya programu ya kutuma na kupokea, na hapo ndipo penye faida: hukosei jina la uga, wala hutumi neno palipotakiwa namba. Jina la uga halitafsiriwi. Kinachotafsiriwa ni swali analoliona muuguzi kwenye simu, na kazi hiyo nilipewa mimi.

Uga mmoja uliuliza mgonjwa alianza kuumwa siku gani ya juma. Familia zinazotembea mbali kufika kituoni mara nyingi hazikumbuki tarehe, ila siku wanaikumbuka. Faili lilitaka namba kamili, kuanzia 1 hadi 7. Nami, mtoto wa Masisi niliyekwisha kunolewa kwa Kiswahili sanifu, nikaona jibu limo ndani ya maneno yenyewe: Jumamosi 1, Jumapili 2, Jumatatu 3, na kuendelea hadi Ijumaa 7. (Alhamisi ilipaswa kunishtua. Kwa Kiarabu ni siku ya tano, nayo inafuata Jumatano, ambayo pia ni ya tano. Juma la sanifu limeunganisha hesabu mbili, moja ya kuanzia Jumamosi na nyingine ya kuanzia Jumapili.)

Tulijaribu fomu. Hakuna kilichokataliwa, maana kila namba ilikuwa kati ya 1 na 7. Ni muuguzi mmoja wa Walikale aliyetazama orodha akacheka: mtoto mwenye kuharisha ameletwa siku ya kwanza, lakini ugonjwa umemwanza siku ya tatu ya juma hilohilo!

"Mwana wangu," akaniambia, "siku ya kwanza ni lundi. Posho ni ya sita."

Kwetu, kweli, juma huanza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano. Kisha siku ya posho, jina linalokumbusha mgao wa chakula, na siku ya yenga, ambayo wengine huiita Jumapili. Hesabu hiyo inalingana sawasawa na kiwango cha ISO 8601, ambacho hifadhidata ilikifuata. Kwa hiyo kila jibu langu lilisogea siku mbili mbele. Katika kipindupindu, ambacho Masisi inakijua, siku mbili zinatosha kumfanya mtu atafute chanzo cha maji kisicho chenyewe.

Aibu yangu kubwa zaidi niliipata nilipolifungua faili upya. WSDL ina nafasi ya maelezo kwa binadamu, na hapo palikuwa na mstari mmoja wa Kifaransa ukisema 1 ni lundi. Kompyuta haikuuhitaji ili kuzalisha programu, nami nilikuwa nimesoma tu kile ilichonizalishia. Faili hukagua umbo la jibu. Maana limemwachia msomaji.

Tulifuta rekodi zote za majaribio. Kwenye fomu, msimbo wa lugha tuliubadilisha kutoka swh, wa Kiswahili cha pwani na sanifu, kuwa swc, ambao ISO 639-3 imeutenga kwa Kiswahili cha Kongo. Lebo sasa zinasomeka "siku ya kwanza (lundi)" hadi "siku ya yenga (dimanche)", namba zikiwa zimefichwa nyuma. Muuguzi yule alitaka marekebisho mamoja tu: "ya ine" tusiisahihishe kuwa "ya nne".