Dawa na Safari: Fundisho Kutoka Tunduma

Kila afikaye Tunduma huyaona kwanza malori. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hukata nchi kwa zaidi ya kilometa 900 hata ikafika kwenye mpaka wa Zambia, na ng'ambo ya lango ni mji wa Nakonde. Shaba yashuka bandarini. Mafuta na bidhaa zapanda kwenda Zambia na Kongo. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha ili kufupisha kungoja, lakini dereva angali aweza kulala hapo akisubiri karatasi zake. Kandokando yake wapo wauza vyakula, wahudumu wa baa, wabadilisha fedha na wapakuzi wa mizigo. Wapo pia Wanyamwanga, ambao ukoo wao u pande zote mbili za mpaka, na kwao kuvuka ni kwenda kumwamkia shangazi tu.

Msomaji wa Tanga au wa Bukoba atauliza: Mambo ya Tunduma yanihusu nini? Yamhusu, maana dereva yule ana mke na watoto mahali fulani, na binti yule wa baa alitoka katika nyumba fulani, pengine nyumba iliyo jirani na yake.

Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa kwanza katika nchi yetu mwaka 1983, mkoani Kagera. Haukukaa Kagera, ulifuata njia za watu. Mwaka 2000 wataalamu walianza kuwachunguza wanawake 600 waliofanya kazi katika baa za Mkoa wa Mbeya, ambao wakati ule ulikuwa bado haujagawanywa ili kupata Mkoa wa Songwe. Walikuta ya kuwa 68 katika kila 100 walikuwa na virusi. Wako wanaosoma hesabu kama hii na kuwalaani mara moja wanawake hao. Twawasihi wangoje kidogo. Mwanamke ambaye ujira wake hautoshi kumlisha mtoto wake hana nguvu nyingi za kumkataa mteja mwenye fedha. Na mteja huyo ni nani, kama si mume wa mtu?

Sasa tuseme jambo ambalo wengi hawajalielewa bado, ingawa limegeuza kabisa vita hivi. Zamani kinga ilikuwa jambo moja na tiba jambo jingine. Leo tiba yenyewe imekuwa kinga. Virusi huingia katika chembe za damu zilizo walinzi wa mwili, vikazitumia ili kuzaana, kisha vikaziharibu. Dawa haiviondoi vyote, maana vingine hujificha. Bali huvizuia visizaane, hata vikapungua mno katika damu na kipimo kisivione. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa kwa wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana. Mgonjwa alipoanzishiwa dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake ilipungua kwa 96 katika 100. Siku hizi Shirika la Afya Duniani lafundisha waziwazi: mtu ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo, naye aendelea na dawa yake, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Hali kadhalika mama mjamzito. Bila dawa, watoto 15 hata 45 katika kila 100 huambukizwa na mama zao. Kwa dawa hawafiki 5.

Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa uliweka shabaha tatu: kati ya watu 100 wenye virusi, 95 wajue hali yao, kati ya wajuao, 95 katika 100 wameze dawa, kati ya wamezao, 95 katika 100 virusi vyao vifubazwe. Uchunguzi wa taifa letu wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha ya kuwa wajuao ni karibu 83 katika 100, wamezao ni karibu 98, na waliofubaza virusi ni 94. Tazama basi mahali palipolegea. Watanzania hawaikatai dawa. Wanakiogopa kipimo, na hasa sisi wanaume.

Udhaifu wa pili ni wa safari. Dereva aliyeacha vidonge nyumbani, au ambaye vimemwishia foleni ikiwa haijasogea, akikaa majuma machache bila dawa virusi vyake huinuka tena, naye huanza kuambukiza pasipo kujua. Mwingine anavyo, ila amevitoa katika kopo na kuvifunga kwenye kipande cha karatasi, maana kopo hulia na utingo atauliza. Unyevu huviharibu vidonge hivyo. Yafaa ajue ya kuwa mgonjwa aliyetulia huweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Amweleze tabibu kazi yake, tena asafiri na kadi yake ya kliniki, ili akipungukiwa apate kusaidiwa katika kituo cha njiani.

Ziko njia nyingine. Tohara ya wanaume ilijaribiwa Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, ikaonekana kumpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa karibu 60 katika 100. Iko dawa ya kumezwa kabla na mtu aliye hatarini, na iko ile ya dharura kwa aliyebakwa au aliyechomwa na sindano, ambayo sharti ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Kuhusu kondomu, ambayo Serikali huigawa mipakani, mafundisho ya Kanisa yajulikana na hatuyarudii hapa. Lakini anayemtania mgonjwa kwa kumeza dawa, au kumwambia aziache kwa kuwa ameombewa, huyo atenda kosa la kuua, hata akiwa amevaa joho.

Nani alipa? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha ilitoka Marekani na katika Mfuko wa Dunia. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na nchi nyingi za Afrika zikaona jinsi ghala la jirani linavyoweza kufungwa kwa siku moja. Tanzania ina mfuko wake wa kudhibiti UKIMWI, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kuujaza ni kazi yetu wenyewe, na wabunge wetu waulizwe habari zake.

Mke wa dereva auliza: Mume wangu hataki kwenda kupimwa, nifanyeje? Aende yeye kwanza, asingoje ruhusa. Tangu mwaka 2019 sheria yetu yaruhusu pia mtu kujipima mwenyewe. Kiko kipimo kitumiacho majimaji ya mdomoni, na mume aweza kukitumia chumbani mlango ukiwa umefungwa. Kikionyesha virusi, bado jibu hilo si la mwisho: sharti apimwe tena kituoni, na likithibitika aanze dawa bila kukawia.