Kwa Anayekwenda Nepal na Anayeandika Habari Zake: Ya Kufanya na Ya Kutofanya

Orodha hii haikuandikwa kumbembeleza mtu. Kanuni ni moja, na nyingine zote zimezaliwa nayo: kabla hujaisifu mila wala kuitukana, uliza ni nani anayeibeba na ni nani anayebebeshwa.

USISEME "utamaduni wa Nepal" kana kwamba uko mmoja. Sensa ya 2021 ilihesabu lugha za mama 124 na makundi ya kikabila na kitabaka 142. Kinepali ni lugha ya kwanza ya watu wasiofika nusu ya wananchi. Umoja ulioonekana zamani ulikuwa wa kulazimishwa. Kuanzia 1960 hadi 1990 mfalme alitawala bila vyama, na dola ikahubiri lugha moja na vazi moja. Gharama yake inasikika hadi leo. Kikusunda, lugha isiyo na undugu na nyingine yoyote ijulikanayo, ilimpoteza Gyani Maiya Sen mwaka 2020, mmoja wa wazungumzaji wake wa mwisho.

USIMWITE kila mpagazi Sherpa. Hilo ni kabila. Huenda mzigo wako uko mgongoni mwa Mtamang au Mrai.

ZUNGUKA stupa, kuba la ibada la Kibudha, ya Boudhanath ukiwa umeiweka mkono wako wa kulia. Hekalu kuu la Pashupatinath si la kuingia asiye Mhindu, kwa hiyo usibishane na mlinzi. Usipige picha maiti zikichomwa kando ya mto Bagmati. Wageni hupiga kila siku, na wingi wao si ruhusa. Chakula ulichokwisha kukionja usimpe mwenzako.

JIFUNZE guthi kabla hujaandika neno lolote kuhusu mahekalu ya Bonde la Kathmandu. Kwa Wanewari, wenyeji wa bonde hilo, guthi ni chama cha ukoo au cha mtaa chenye mashamba na nyumba zilizotolewa kwa ajili ya ibada. Mapato yake hulipia mafuta ya kuwashia taa, ngoma, karamu, ukarabati wa paa na mazishi ya wanachama. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu: anaujua wakfu. Mwaka 2019 serikali ilipopeleka bungeni mswada wa kuziweka mali hizo chini ya mamlaka moja, maelfu ya watu walifurika Maitighar, katikati ya jiji la Kathmandu, na mswada ukaondolewa. Wale watu hawakuwa wakililia picha za kalenda. Walijua kwamba gari la mungu Rato Machhindranath, lenye mnara wa mbao na fito unaoyumba juu ya mapaa ya mji wa Patan, haliundwi na wizara. Linaundwa na mafundi ambao kazi yao ni urithi wa ukoo, na shamba likipotea, zamu zao nazo hupotea. Hata hivyo, usiifanye guthi malaika. Uanachama wake umefuata damu na tabaka, na wanawake wamekaa pembeni kwa muda mrefu.

USISHANGILIE jengo jipya kabla hujauliza limejengwa kwa kitu gani na kwa amri ya nani. Tetemeko la 25 Aprili 2015, lenye kipimo cha 7.8, liliua watu karibu 9,000 na kuangusha mahekalu mengi. Mnara wa Dharahara uliinuliwa upya kwa zege. Rani Pokhari, bwawa la Mfalme Pratap Malla la karne ya 17, nalo lilianza kumwagiwa zege, hadi wakazi walipopinga na kazi ikarudiwa kwa matofali na udongo. Ukumbi wa kale wa Kasthamandap ulirudi kwa mbao kwa sababu wenyeji waliishika kazi wenyewe. Chini yake wachimbaji walikuta msingi wa karne ya 7, mkongwe kuliko ilivyodhaniwa.

USINUNUE mungu. Tangu 1956 sheria inalinda mambo ya kale, na kitu chenye zaidi ya miaka mia moja hakitoki nchini. Hata kwa sanamu mpya, dai cheti cha Idara ya Mambo ya Kale. Sanamu ya Lakshmi-Narayana iliibwa Patan mwaka 1984, ikaja kuonekana katika makumbusho ya Dallas, ikarejeshwa Nepal mwaka 2021 na kuwekwa tena hekaluni mwake. Usithubutu kusema ingekuwa salama zaidi ndani ya kioo. Ndani ya kioo hakuna aliyeipaka poda nyekundu asubuhi wala kuiletea maua.

USIFUNIKE ukatili kwa neno "mila". Katika wilaya za magharibi, desturi ya chhaupadi humtoa nyumbani mwanamke aliye hedhini akalale kibandani au zizini. Wanawake wamekufa humo kwa moshi, kwa baridi, kwa nyoka. Mahakama ya Juu iliipiga marufuku mwaka 2005. Adhabu ya miezi mitatu jela au faini ya rupia 3,000 ikaanza 2018. Ndivyo ilivyo kwa matabaka pia: yalipangwa na sheria ya 1854, ubaguzi wa kitabaka ukaondolewa katika sheria mwaka 1963, na bado yuko Dalit, mtu wa tabaka lililowekwa chini kabisa, anayeficha jina la ukoo ili apate chumba cha kupanga Kathmandu.

Lakini TOFAUTISHA. Kuhusu Kumari, mtoto anayeabudiwa kama mungu wa kike, Mahakama ya Juu hiyohiyo haikuivunja ibada mwaka 2008. Ilisema mtoto ana haki ya kusoma, na leo mwalimu humfuata anakoishi. Kesi za chhaupadi na Kumari zilifunguliwa na Wanepali wenyewe. Huhitajiki kuwa mkombozi.

USIWALAUMU vijana kwa kuondoka. Fedha zinazotumwa na walio nje ni kama robo ya pato la taifa, na hizohizo hulipia karamu za sikukuu unazokwenda kuzipiga picha. Pale wanaume walipopungua au wasichana walipochoka kutazama, vikundi vya wanawake vimejitwalia dhimay, ngoma kubwa ya Kinewari iliyokuwa ya wanaume. Anayeita hilo uharibifu wa mila aambiwe aipige yeye.

ULIZA sikukuu ya Dashain itaangukia lini mwaka huu, ikiwa unafanya kazi Doha au Dubai pamoja na Wanepali. Ni kati ya Septemba na Oktoba, siku ambazo wazee nyumbani huwapaka watoto wao tika, alama ya baraka, kwenye paji la uso. Mwambie mwenzako mapema kwamba utashika zamu yake.