Kaburi Bila Daftari: Somo Kutoka Ireland kwa Mwalimu wa Historia

Kwenye semina za mbinu za kufundisha Historia kuna sentensi moja inayopendwa sana: pasipo na nyaraka hapana historia. Tunainakili kwenye notsi, tunaijibu kwenye mtihani, maisha yanaendelea. Semista hii nimeamua kuipima sentensi hiyo kwa nchi iliyopoteza nyaraka zake nyingi kwa siku moja, yaani Ireland. Swali langu ni dogo: mtu akitaka kujua babu wa babu yake alizikwa wapi kule, aanzie wapi?

Kwanza tujue kilichopotea. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa lililokuwa Four Courts, Dublin, lililipuka na kuungua. Humo mlikuwa na karatasi nyingi za sensa za 1821 hadi 1851, wasia, na daftari nyingi za Kanisa la Ireland, ambalo ni la Kianglikana. Sensa za 1861 hadi 1891 hazikuungoja moto. Serikali ilikuwa imeshaziharibu kwa amri yake yenyewe. Za enzi ya utawala wa Uingereza zilizobaki kamili ni mbili tu, ya 1901 na ya 1911.

Haya, sasa tunafanyaje? Hatua ni tatu.

Ya kwanza, tafuta kitongoji. Ireland imegawanywa katika vipande vya ardhi zaidi ya 60,000 vinavyoitwa taunlandi. Usipojua kipande chako utapotea, kwa sababu majina yanajirudia mno. Kumtafuta Patrick Murphy wa Cork ni kama kumtafuta Juma wa Tanga: wapo, ila yupi? Wajukuu wengi wako Marekani, Kanada na Australia, na mara nyingine jibu liko hukohuko, maana makaburi ya wahamiaji mara nyingi yamechongwa parokia au kaunti waliyotoka. Ukishapata eneo, fungua orodha ya Griffith ya kukadiria kodi ya ardhi na nyumba, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864. Inataja waliomiliki au kupanga, kitongoji kwa kitongoji. Mke na watoto usiwatafute humo.

Uandikishaji wa vifo kiserikali ulianza 1864. Cheti kinakupa jina, umri, kazi, tarehe, mahali mtu alipofia na aliyetoa taarifa. Kaburi hakilitaji. Hapo ndipo wengi wanakwama, wakidhani kwamba alipofia mtu ndipo alipozikwa.

Ya pili, toka kwenye kitongoji uende kwenye ramani. Ramani kubwa za Ordnance Survey zilizochorwa miaka ya 1830 na 1840 zinaonyesha viwanja vya makaburi na magofu ya makanisa, hata yale ambayo leo yamemezwa na majani. Na hapa kuna mtego. Ukijua kwamba ukoo wako ni wa Kikatoliki, utakimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la karibu. Kumbe chini ya sheria kandamizi za karne ya 18, Wakatoliki waliendelea kuzikwa kwenye viwanja vya kale vya mababu zao, ingawa viwanja hivyo vilikuwa mikononi mwa Kanisa la Ireland. Kwa hiyo Mkatoliki na Mprotestanti wanaweza kuwa wamelala bega kwa bega. Daftari za parokia za Kikatoliki, ambazo Maktaba ya Taifa iliziweka kwenye intaneti bure mwaka 2015, zina ubatizo na ndoa kwa wingi, lakini maziko ni machache. Mjini Dublin hali ni afadhali: makaburi ya Glasnevin yalifunguliwa 1832 kwa watu wa dini zote, na daftari zake za maziko zimetunzwa.

Ya tatu, soma jiwe. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini, au mulika tochi kutoka ubavuni ili kivuli kiingie kwenye herufi. Usisugue kwa brashi ya waya, usipake chaki wala dawa ya madoa. Utasoma leo na kumnyima wa kesho. Nakili kila kitu, hasa jina la aliyelisimamisha jiwe na kitongoji chake. Nakili na majirani, maana ndugu walizikwa karibukaribu. Kama jiwe limeshafutika, kuna chama kilichochapisha maandishi ya makaburi ya nchi nzima kati ya 1888 na 1934, na baadhi ya mawe hayo leo yanasomeka humo tu.

Sasa tuulizane, nani alikuwa na uwezo wa kununua jiwe? Njaa kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza shambani, iliua watu wapatao milioni moja. Pale Abbeystrewry, karibu na Skibbereen, maelfu walifukiwa kwenye shimo la pamoja bila jina. Watoto waliokufa kabla ya kubatizwa hawakuruhusiwa kwenye ardhi iliyobarikiwa. Walizikwa pembezoni, katika viwanja vidogo viitwavyo kilini. Anayetafuta watu hawa hatapata jiwe wala daftari.

Kwa hiyo ile sentensi ya semina haitoshi. Four Courts iliungua, na bado ramani, orodha ya kodi na jiwe vinaongea. Lakini tukisema mawe yanatosha, tutakuwa tumeandika historia ya waliokuwa na pesa ya kuchonga. Mtafutaji makini huandika mambo matatu tofauti: lililothibitika, linaloelekea kuwa kweli, na lisilojulikana. Kusema "huenda yuko kwenye uwanja huu, jiwe halipo" si kushindwa. Ni kusema kweli.

Wenzangu tunaokwenda mazoezi ya kufundisha, zoezi ni rahisi. Wape wanafunzi mfano wa cheti cha kifo, mstari wa orodha ya kodi, ramani na maandishi ya jiwe. Kila kundi lijibu maswali mawili: chanzo hiki kinasema nini, na kimemwacha nani? Swali la pili ndilo la kupewa muda mwingi zaidi.