Jezi Namba 7: Kumkumbuka Mwana Aliyechukuliwa na Unga

Siku ya tatu ya msiba, watu walipokuwa wameanza kupungua, alikuja kijana mwembamba, kofia imemfunika macho, akasimama nje ya turubai. Wanaume walimtambua mara moja: teja wa kijiweni. Walipoanza kumfukuza akasema amemletea mama kitu. Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha video ya sekunde kama 40. Mwanangu anapokea mpira upande wa kulia, anamwacha beki wa kwanza, anamwacha wa pili, anapiga krosi. Vumbi, kelele za watu, basi. Sina video nyingine ya mwanangu akicheza. Nilimwomba anirushie palepale, nikaagiza apewe pilau. Baada ya wiki mbili nilisikia simu ile imeshauzwa.

Kisa hicho ndicho kilichonifundisha ninachomwambia kila mzazi anayenijia sasa: kabla hamjaanua tanga, kusanyeni. Picha za kijana aliyecheza mpira haziko nyumbani kwenu. Ziko kwenye simu za wenzake, na simu za vijana hazidumu. Huibiwa, huuzwa, hutumbukia chooni. Mtumeni mtu mmoja, nahodha au kocha, aizungukie timu yote ndani ya wiki moja, kila kitu kihamishiwe kwenye simu mbili tofauti. Asiwaruke walioacha mpira wakaingia kijiweni pamoja naye. Hao ndio wenye picha za miaka ya mwisho, ile ambayo sisi wa nyumbani tulikuwa hatumwoni.

Kocha naye arekodiwe sauti. Ukimuuliza kijana wako alikuwa mtu wa namna gani, atakujibu alikuwa na nidhamu, jibu ambalo makocha huwapa wafiwa wote. Muulize ni mechi gani alimkasirisha. Wa kwetu alicheka kwanza, kisha akasimulia nusu fainali moja ambayo mwanangu aliachiwa penalti akaipiga kwa kisigino, ikatoka nje. Nilikuwa siijui habari hiyo. Ninachokumbuka ni kwamba jioni moja alirudi akajifungia chumbani, akasema tumbo linamuuma, nami nikamkorogea uji.

Sasa lile zito: kusema amekufa kwa nini. Msibani kwetu kuna maneno yaliyokwisha andaliwa, "homa ya ghafla" au "presha", na watu huitikia kwa heshima huku wakitazamana. Usiku mmoja wa msiba tulikaa wanne chumbani: mimi, baba yake, shemeji yangu na imamu wa msikiti wetu. Tukakubaliana sentensi moja: alikuwa mgonjwa wa uraibu wa heroini, na ulimzidi nguvu. Anayetaka zaidi anarudishiwa hiyo hiyo. Sentensi fupi ina faida yake, haikulazimishi kueleza televisheni iliyotoweka wala usiku aliolala rumande. Baba yake hakuipenda. Alisema tunamvua marehemu nguo. Nilimwambia vijana wote waliopokezana jeneza wanajua, hata mnunuzi wa ile televisheni anajua.

Kama kwenu haiwezekani, msigombane siku ya mazishi. Subirini arubaini ipite mzungumze tena. Ila msitunge ugonjwa. Uongo huo mtawabebesha wadogo zake, na siku moja mmoja wao ataambiwa ukweli shuleni na mtu asiyemtakia mema.

Chumba chake. Kabla ya kugawa nguo, mtu mzima avae glavu apekue godoro, mifuko ya suruali na nyuma ya kabati. Sindano zikipatikana zitiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki, ifungwe, ipelekwe kituo cha afya. Jalalani usipeleke, kuna watoto wanaookota chupa. Jezi yake ya mwisho usiifue. Mimi niliifua, mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea ya miaka mingi ya kumfulia, na nilipoianika nikagundua nimemwaga jasho lake lote pamoja na povu.

Viatu vyake vya mpira alikuwa ameshaviuza. Miezi miwili baadaye nikaviona miguuni pa mtoto wa mtaa wa pili. Navijua, maana pembeni nilivishona kwa uzi wa kijani. Wajomba zake walitaka virudi. Nikakataa. Yule mtoto alivinunua kwa mtu, hakuiba. Nilimwita nikamwambia asiviache juani, soli itabanduka. Kwa mambo kama haya uamuzi ukiwa moyoni bado unatetemeka, ngoja siku tatu.

Hitma tunaisoma kila mwaka. Lakini kwenye hitma huja watu wazima, na wenzake aliocheza nao husimama barabarani wakiona haya kuingia. Ndiyo sababu tukaanzisha bonanza la mpira la siku moja, ambalo mwaka huu ni la 6, na hapa ndipo nina mengi ya kusema, kwa kuwa karibu kila kosa tumeshalifanya.

Tarehe kwanza. Usiweke siku aliyofariki. Mwaka wa kwanza tuliweka hiyo. Mimi sikuweza kusimama, na kwa kuwa ilikuwa Aprili, masika ilishaugeuza uwanja bwawa. Tukahamia Septemba, karibu na siku aliyozaliwa, ardhi ikiwa kavu. Timu 4 zinatosha: nusu fainali 2 na fainali, kila kipindi dakika 20. Ukianza saa nane mchana unamaliza kabla ya magharibi, na nafasi ya kuswali alasiri ipo. Timu 8 mtazitamani, maana kila kijiwe kitaomba kuingia, na mtaishia kupiga fainali gizani kwa taa za bodaboda. Barua ya kibali ipelekwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wiki 3 kabla, nakala kwa mtendaji wa kata na kituo cha polisi. Waamuzi waombeni kwenye chama cha soka cha wilaya na muwalipe. Mjomba asishike filimbi.

Timu moja kati ya zile 4 iwe ya walio kwenye matibabu. Hapa Dar es Salaam Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke, kwa hiyo wapo watu wazima wenye miaka mingi tangu waache unga, na wapo waliomo kwenye nyumba za upataji nafuu. Kwa wengi wao dozi ya methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo mkiita timu asubuhi mtawapata nusu. Tulijifunza hilo tukiwa na wachezaji 7. Mwaka wa tatu ndio waliobeba mbuzi. Mbio hawana, lakini mpira wanaujua, na kipa wao ana mdomo kuliko timu zote tatu zikikusanywa.

Zawadi iwe mbuzi na mipira, siyo fedha taslimu. Mtu mwenye miezi mitano tangu aache, ukimpa noti mkononi jioni ya Jumamosi umemtia kwenye mtihani asioujua yeyote isipokuwa yeye. Mbuzi anachinjwa palepale, wanakula wote.

Ufadhili ni jambo la kuangaliwa. Mwaka wa pili tuliletewa seti mbili za jezi mpya, zimekunjwa vizuri kwenye mfuko. Aliyezituma mtaa mzima unajua fedha yake inatoka wapi. Zilirudi usiku uleule kwa mkono wa mzee mmoja anayeheshimika, bila hotuba. Unaishi naye mtaa mmoja, kwa hiyo usimpigie kelele. Rudisha tu.

Mgeni rasmi tumemfuta. Yule wa kwanza alichelewa saa mbili, na alipofika akawaambia vijana kwamba mateja ni wezi na jela ndiyo nyumba yao. Nusu ya timu ya matibabu ilivua jezi. Siku hizi tunasema maneno ya dakika 3 kabla ya mechi ya kwanza, na anayesema ni mmoja wetu nyumbani.

Maneno hayo ndiyo kiini cha siku yenyewe. Mwanangu hakufa katika kipindi chake kibaya kuliko vyote. Alikuwa amekaa miezi 5 bila kugusa kete, amenenepa, amerudi mazoezini, nimeanza kulala usiku. Siku moja akarudi kijiweni akatumia kiasi kilekile alichokizoea zamani. Mwili uliopumzika na heroini hupoteza ustahimilivu. Kipimo alichokimudu mwaka uliopita kinaweza kumsimamisha pumzi. Sisi nyumbani tulikuwa hatulijui hilo. Tulidhani arosto ikishaisha hatari imeisha. Kwa hiyo kila mwaka ninasimama na kusema: kijana wako akitoka jela au nyumba ya nafuu, wiki zile za kwanza ndizo za kumchunga, na mwambie wazi kuwa akiteleza, kipimo cha zamani kinaua.

Halafu nasema dalili. Akikoroma kwa namna usiyoizoea, pumzi zikaja mojamoja, midomo ikabadilika rangi, mboni za macho zikawa nukta, na ukimwita haitikii, huyo hajalala. Mtikise, piga kelele, mkimbizeni hospitali. Kama bado anapumua mlazeni kwa ubavu. Akiacha kupumua, anayejua apulize pumzi mdomoni. Msimnyweshe maziwa, asiyejitambua hupaliwa. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kurudisha pumzi ya aliyezidiwa na heroini. Waulizeni wahudumu wa kliniki inapatikana wapi kwenu, na mwaulize leo, maana usiku wa tukio hakuna muda wa kuuliza.

Wahudumu hao tunawaalika na meza yao. Mwaka wa kwanza tuliiweka karibu na turubai la wageni, hakwenda hata mmoja. Tukaihamishia kwenye maji ya kunywa. Mtu anakuja kuchota maji, anasimama, anauliza. Maji yenyewe ni tangi la lita 1,000 na bomba lake, tumeliweka uwanjani kama sadaka ya jariya. Jina halikuandikwa, lakini watoto huliita "maji ya namba 7".

Kuhusu namba. Napoli waliistaafisha namba 10 ya Maradona mwaka 2000, na wote tunajua kuwa alipimwa akakutwa na kokeini mwaka 1991 akafungiwa miezi 15. Hakuna Mnapoli anayekwambia basi hakucheza. Hilo nalipenda. Lakini Napoli wana jezi nyingi. Timu ya mchangani ina seti moja, na namba 7 ikiwekwa kabatini mtu atacheza kifua wazi. Iacheni ivaliwe. Ila mdogo wake asiivae. Wa kwangu aliiomba akiwa na miaka 13, nikaona anataka kuwa kaka yake ili tusilie. Nilimwambia achague namba yake mwenyewe. Akachagua golikipa, jambo ambalo kaka yake angelicheka wiki nzima.

Baba yake miaka miwili hakuja uwanjani, na mimi sikumwita. Mwaka wa tatu nilimwona amesimama nyuma ya goli, mikono mgongoni, mpira ukitoka anaurudisha. Tangu hapo ndiyo kazi yake. Katika nyumba moja watu hawaombolezi kwa mwendo mmoja, na anayechelewa asivutwe.

Mwaka huu tunacheza Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa nane kamili mchana. Viatu vya uzi wa kijani vitakuwepo, ingawa aliye navyo sasa vinambana. Kiingilio hakuna. Mwenye kijana kijiweni aje naye. Chakula kipo, na hakuna atakayemuuliza kwa nini hataki kuvua kofia.